Anza na usiku: namna ya kuongoza wauguzi katika nyumba ya wazee

Ukiteuliwa leo kuwa mkuu wa wauguzi katika nyumba ya wazee, usikimbilie ofisi wala usiitishe mkutano. Omba upangwe zamu za usiku kwa wiki mbili, ufanye kazi kama muuguzi yeyote, ukiwa na daftari dogo mfukoni. Utakayoyaona kati ya saa 7 na saa 11 za usiku ndiyo yatakayokuambia idara yako ikoje. Mchana kila nyumba inapendeza: daktari anapita, wageni wanaingia, mashuka yameanikwa. Usiku wanabaki wauguzi wachache na wazee wote, na mabaya mengi yanayompata mzee aliye mikononi mwetu huanzia hapo. Kidonda, kuanguka, kiu, sukari kushuka, dawa ya huyu kuingia kinywani mwa yule.

Mimi ni muuguzi wa A1, yaani mwenye diploma ya chuo, nilisomea hapa Lubumbashi, Kongo, nikakaa hospitalini miaka kumi na mmoja kabla ya kuitwa kuongoza wauguzi wa nyumba yenye wazee 34. Tisa kati yao hawatoki kitandani. Akina tata, yaani wazee wanaume, wengi walikuwa wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na wakubwa wao waliandikwa kazi kampuni ikiitwa bado Union Minière, kabla ya 1967. Akina mama wengi ni wajane waliolea watoto katika mitaa ya mji huu, Katuba, Kamalondo na Ruashi. Hospitalini nilizoea mgonjwa wa siku tano. Mzee anaishi nasi miaka, kwa hiyo kosa dogo likirudiwa kila usiku linakuwa jeraha.

Nikueleze usiku wangu wa nne. Umeme ulikuwa umekatika, natembea na tochi, saa 9. Nikaingia upande wa mwenzangu, kitanda cha 7. Fishi ya kugeuza, karatasi inayotiwa sahihi kila mzee asiyetoka kitandani anapogeuzwa ili asipate kidonda, ilining'inia pale kitandani, na sahihi zilikuwa zimejaa mpaka saa 12 asubuhi, yaani saa tatu ambazo hazijafika zilikuwa zimeshatiwa sahihi. Mama mwenyewe alikuwa amelala chali vilevile nilivyomwona jioni. Nikapitisha mkono chini ya kiuno chake. Pale juu ya mfupa ngozi ilikuwa ya moto kuliko pembeni, na imekakamaa.

Sikupiga kelele. Nilimwita mwenzangu, tukamgeuza mama pamoja, kisha nikamwambia tuwapitie wote tisa, mimi nikiangalia saa. Watu wawili, kumgeuza mzee mmoja vizuri, kumkausha kama amelowa, kumwekea mto na kumpa maji: dakika sita. Tisa mara sita ni dakika 54. Kila baada ya saa mbili. Kwa zamu ya saa kumi na mbili ni mizunguko sita, karibu saa tano na nusu za kugeuza tu, na watu wawili mikono yao imeshikwa. Wakati huo nani anamsikia tata anayeshuka kitandani chumba cha mwisho? Na siku ambayo mmoja hakuja kazini, huyo aliyebaki peke yake angefanya nini zaidi ya kutia sahihi?

Sahihi ya uongo niliisema asubuhi, sisi wawili tu, mlango umefungwa, na nikamwambia wazi kwamba ikirudiwa itaandikwa. Lakini hesabu ile niliipeleka kwa utawala siku hiyohiyo, kwenye karatasi moja: majina ya vitanda, dakika, mizunguko, jumla. Nilikuwa nimesikia mkuu aliyenitangulia aliomba mtu wa tatu wa usiku mara nyingi akisema wauguzi wamechoka. Kila mtu amechoka, na hilo halimshtui mhasibu. Dakika 54 alizielewa. Tulipata mtu wa tatu, mlezi asiye na diploma lakini mwenye mikono mizuri, na tangu hapo napanga ratiba ya mwezi nikianzia usiku. Kwanza najaza majina ya usiku, wenye uzoefu wakigawanywa, si kuwarundika mchana ambako wanaonekana. Hakuna usiku zaidi ya mitatu mfululizo kwa mtu mmoja. Mchana unapata wanaobaki. Usikubali kamwe mwanafunzi wa mafunzo kazini ahesabiwe kama mtu kamili wa zamu. Yupo kujifunza, na kosa lake litakuwa lako.

Kuhusu kidonda chenyewe, kile cha kulala muda mrefu bila kugeuzwa, ambacho huku tunakiita eskari. Pima hatari kabla hakijaja. Natumia kipimo cha Norton, alichokitoa muuguzi Mwingereza Doreen Norton na wenzake mwaka 1962 walipokuwa wakichunguza uuguzi wa wazee hospitalini. Unakifanya bila mashine: hali ya mwili, hali ya akili, anavyotembea, anavyoweza kujigeuza, na kama mkojo au choo vinamponyoka. Kila jambo alama 1 hadi 4, jumla haizidi 20. Aliye na 14 au chini anaingia kwenye orodha ya kugeuzwa. Rudia kila mwezi, na kila mara anapotoka kuugua. A2, muuguzi wa ngazi ya sekondari, aliyemaliza shule juzi anakiweza baada ya kuonyeshwa mara mbili.

Vitabu vingi tulivyosomea vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani, na ukiusubiri utaona kidonda kikiwa kimeshafunguka. Wafundishe wauguzi kutumia mgongo wa mkono: pana joto au baridi kuliko pembeni? Pagumu, au palaini kama embe lililoiva mno? Rangi imekuwa nyeusi zaidi, inaelekea zambarau? Mzee anakunja uso ukigusa? Kagua kiuno, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, na masikio pia kwa anayelalia upande. Mlaze kwa kumwinamisha kidogo, nyuzi 30 hivi, na mto nyuma ya mgongo, usimsimamishe juu ya mfupa wa nyonga. Mto mwingine weka chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee hewani. Zile glavu zilizojazwa maji ambazo wengi wetu tulifundishwa kuweka chini ya visigino, ziache, na usisugue palipoanza kubadilika, maana unaumiza nyama iliyokwisha kuumia. Na fishi ya kugeuza iwe na maneno ya chumbani: «dirisha», «mgongo», «mlango». Nikiingia saa 8 usiku nikakuta imeandikwa «dirisha» na mzee anaangalia mlango, hakuna mjadala.

Nimetaja saa 8. Hapa kuna hatari ambayo sikuisoma kitabuni. Kwetu mtu mmoja anasema «saa nane» akimaanisha saa za Kiswahili, mwingine anamaanisha 8h za Kifaransa. Mdomoni tunaelewana kwa kuangalia jua. Kwenye fishi ya dawa hatuelewani, na mzee anaweza kupewa dawa ya presha mara mbili kwa siku moja. Tuliamua: mdomoni sema upendavyo, kwenye karatasi ni tarakimu za saa 24 tu, 02h, 08h, 14h, 20h. Anayeandika vingine anaitwa arudi kuandika upya, hata kama ameshavaa koti la kwenda nyumbani.

Dawa ndizo zilizonifundisha kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza, asubuhi moja tulimkuta mama mmoja ametota jasho, haelewi, anazungumza na mtu asiyekuwepo. Sukari ya damu ilikuwa 38 mg/dl, chini mno. Jioni alikuwa amekataa kula bukari, yaani ugali, akala vijiko viwili vya uji, na muuguzi akampa glibenklamidi, dawa yake ya kushusha sukari, kama kawaida kwa sababu fishi inasema ampe. Dawa ile hukaa muda mrefu mwilini, na mzee ambaye figo zimechoka inamkalia zaidi. Tuliwahi, alipona. Tangu siku hiyo sahani inasimamia dawa ya sukari: muuguzi anayegawa dawa lazima aone mzee amekula nini, na kama hajala, haitolewi hadi daktari apigiwe. Sukari ikishuka na mzee bado anaweza kumeza, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika kumi na tano. Asiyeweza kumeza usimtie kitu kinywani, huyo ni wa glukosi ya mshipani, mara moja. Na mwambie daktari kwa heshima kwamba kwa wazee zipo dawa za sukari zenye hatari ndogo kuliko hiyo. Daktari wetu alibadilisha watatu.

Mengine ya dawa nitayapita upesi. Weka picha ya mzee juu ya fishi yake, kwa sababu aliyepoteza kumbukumbu ukimwita jina lolote anaitika. Usihamishie vidonge kwenye mifuko ya plastiki isiyo na maandishi, vidonge vyeupe vidogo vinafanana vyote. Na dawa ya kukojoza ipewe asubuhi, si jioni. Kumpa mzee furosemidi saa 12 jioni ni kumpangia kuanguka saa 7 usiku akitafuta choo gizani.

Kuanguka nako kuna sababu zake, zitafute kwa saa na mahali. Tulikuwa na tata mmoja aliyeanguka mara tatu katika mwezi mmoja, zote kati ya saa 10 na saa 10 na nusu alfajiri. Wauguzi walitaka afungwe kitandani kwa shuka. Nilikataa, na nawe ukatae. Aliyefungwa anapigana na fundo, anaumia zaidi, na anakufa moyo. Nilikaa naye usiku mmoja. Saa 10 kamili akafumbua macho, akakaa, akaanza kupapasa chini ya kitanda. Nikauliza, «Tata, unatafuta nini?» Akasema, «Bottes», yaani mabuti ya kazi. «Nitachelewa.» Miaka thelathini na kitu alikuwa zamu ya asubuhi, na mwili wake haujasahau. Sasa muuguzi wa usiku anafika kitandani kwake dakika tano kabla, na taa, na viatu vyenye kisigino kilichofungwa, anamshika hadi chooni, anamkalisha kwenye kiti cha baraza ya ndani na kikombe cha chai. Anauliza habari za kazi. Tata anaeleza mambo ya tanuru, na posho ya Jumamosi, na msimamizi aliyekuwa mkali. Saa 11 analala tena. Hajaanguka tangu wakati huo, na kilichobadilika kwenye ratiba yetu ni dakika kumi na tano.

Nikifika hapo nikumbuke baridi. Wasioijua Lubumbashi hudhani Kongo yote ni joto. Mwezi wa sita na wa saba usiku wetu unauma, na mzee hana nyama ya kujikinga. Blanketi mbili, soksi, kofia ya sufu, maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa kitambaa nene isiguse ngozi. Mbabula, jiko la makaa, isiingie chumbani kabisa, hata «kwa dakika kumi tu», hata makala yakiwa yamewaka vizuri hayatoi moshi. Moshi unaouona si ule unaoua. Chumba kilichofungwa madirisha kinajaa hewa isiyo na harufu, na wanaolala hawaamki. Katika ripoti zangu za msimu wa baridi kuna mstari mmoja unaojibiwa kila usiku: mbabula iko nje, ndiyo au hapana.

Kupokezana zamu, ile remizi-reprizi, kunafanyika kitandani na si ofisini. Mnatembea pamoja, anayetoka na anayeingia, mnamwamkia mzee, mnafunua, mnaangalia. Nisiposikia maneno ya namna hii najua hakuna aliyeangalia: «Kitanda cha 12, amekunywa vikombe vinne, mkojo umekolea, kisigino cha kushoto ni cha moto tangu 02h, nimemwelekeza dirishani, hajaenda choo siku tatu.» «Hali ni nzuri» si ripoti. Na mwite mama wa usafi asimame nanyi. Huyo ndiye anayeona uji uliomwagwa chini ya kitanda, vidonge vilivyotemwa nyuma ya godoro, shuka yenye damu. Mwanzoni wauguzi wa A1 hawakupenda asimame nasi. Mwezi wa pili ndiye aliyetuambia kwamba mama wa chumba cha tatu anatafuna upande mmoja tu, na tukakuta jino limeoza.

Maji: hesabu vikombe, usihesabu nia njema. Kikombe chetu ni cha mililita 200, tunalenga saba au nane kwa siku, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyewekewa kiasi na daktari. Kuna mlezi atakayemnyima mzee maji jioni ili shuka zisilowe. Zungumza naye, umweleze kiu inafanya nini, kisha umtafutie mashuka ya ziada, kwa maana mara nyingi tatizo lake ni mashuka. Uzito tunapima kila tarehe 5. Aliyepungua asilimia 5 kwa mwezi anaonwa na daktari wiki hiyo. Asiyeweza kusimama kwenye mizani, pima shavu la mguu kwa futi ya fundi cherehani, pale penye unene zaidi. Chini ya sentimita 31, mzee huyu anakosa chakula, hata kama sahani inarudi tupu. Angalia basi nani anaimaliza hiyo sahani.

Jambo jingine ninalosimamia mwenyewe, sikabidhi. Mzee ambaye jana alikuwa na akili zake, leo anapiga kelele, anaona watu ukutani, anakataa kuvaa. Mji huu bado una midomo inayosema «mulozi», yaani mchawi, kwa haraka, na nimesikia neno hilo hata kutoka kwa aliyevaa blauzi nyeupe. Katika idara yako neno hilo lisipate kiti. Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni ugonjwa wa mwili mpaka ithibitike vinginevyo, na mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa yoyote. Fuateni orodha papo hapo: sukari ya damu, kipimo cha haraka cha malaria, presha na pumzi, mkojo (umekolea, unanuka, au umezuilika kibofu kimejaa?), choo, maji aliyokunywa, dawa mpya aliyoanza wiki hii, maumivu asiyoweza kuyasema. Mara nyingi jibu limo humo. Familia ikija na maneno yao, wakalishe, waonyeshe matokeo ya vipimo, waonyeshe na mzee akiwa ametulia siku nne baadaye. Hapo ndipo wanaporudi kumtembelea.

Kwa wauguzi wako nina neno moja tu, nalo ni mshahara. Ukichelewa, usiwaambie habari za wito. Wanaujua wito kuliko wewe, ndiyo maana bado wapo. Kazi yako ni kupeleka orodha za mahudhurio mapema, zikiwa safi, ili uchelewaji usianzie kwako, kuuliza jibu kwa maandishi, na kuwaambia ukweli siku hiyohiyo hata kama ni mbaya. Na usiku, hakikisha wana chai, mkate na taa inayochajiwa.

Mwisho wa mzee nao huja usiku mara nyingi, kwa hiyo uwaandae wauguzi kabla. Anayekaribia kufa hageuzwi tena kwa ratiba kali bali kwa starehe yake, midomo inaloweshwa, maumivu yanapewa dawa kwa saa zake bila kusubiri aombe, na mtu anakaa. Akishafariki, daktari au aliyepewa mamlaka athibitishe. Piga simu kwa familia wewe mwenyewe, usimwachie mlinzi wa getini. Waoshaji wawe wawili, wamwite jina lake wakati wa kumwosha. Uliza kwanza dini na desturi ya kwao, wako wanaotaka kuosha wenyewe. Kabla mwili haujatolewa, mwamshe mwenzake wa chumbani, umwambie, umpe nafasi ya kuaga. Tulimwacha mama mmoja aamke na kukuta kitanda cha rafiki yake kimetandikwa shuka safi, na kwa wiki nzima hakufunga macho usiku. Kitanda kikae wazi mpaka baada ya mazishi. Kisha chukua fishi yake, keti na wale waliokuwa zamu, msome pamoja siku zake za mwisho, na mwandike mstari wa kufunga: saa aliyofariki, nani alikuwa karibu naye, na kama alikuwa peke yake, andika kwamba alikuwa peke yake.